Breki Ngumu Baada ya Kubadilishiwa Paipu ya Busta: Dalili, Chanzo na Marekebisho

Malalamiko haya hufanana. Gari lilikuwa likishika breki vizuri. Kisha mpira wa vakyumu (nguvu ya kunyonya hewa) unaotoka kwenye manifoldi, bomba la kugawa hewa kwa silinda za injini, kwenda kwenye busta, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu kwenye breki, ukapasuka, au injini ikabadilishwa, au mwenye gari akataka kufungiwa geji ya turbo. Fundi akakata kipande cha mpira, akakerezewa nipo ya brasi (kiungo kifupi cha kuvisha mpira) au akanunua tii (kiungo cha njia tatu) kwenye duka la mabomba, akakaza klipu mbili, gari likaondoka. Siku chache baadaye dereva anakanyaga na pedali haishuki. Wengine hupatwa kwenye foleni ya Daraja la Nyali hapa Mombasa, ambako mguu hauondoki kwenye breki. Wengine hupatwa pabaya zaidi, kwenye mteremko wa kuingilia feri ya Likoni, abiria wanaotembea kwa miguu wakiwa mbele yao na hakuna pa kukwepea.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili. Kila dalili ina vyanzo vyake, kuanzia kile kinachotokea mara nyingi hadi cha nadra, na ukaguzi usiohitaji kifaa umetangulia. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kama mpira wa kiwandani wa gari lako unapatikana, hata uliotolewa kwenye gari lililovunjwa kwa spea mradi haujakauka wala kupasuka, ufunge huo. Nipo ya kukerezwa ni kwa yule ambaye hana njia nyingine, kwa mfano aliyebadilisha injini na matundu ya manifoldi hayalingani tena.

Paipu hii inafanya nini

Injini ya petroli inapovuta hewa huku mlango wa throto (ule unaofunguka ukikanyaga mafuta) umefungwa, ndani ya manifoldi hubaki vakyumu. Paipu huipeleka vakyumu hiyo kwenye busta, lile kopo kubwa jeusi lililo nyuma ya masta silinda, silinda inayosukuma mafuta ya breki. Ndani ya busta mna kiwambo cha mpira kinachoigawa kuwa vyumba viwili. Ukiwa hujakanyaga, vyumba vyote viwili vina vakyumu. Ukikanyaga, hewa ya kawaida huingizwa chumba cha nyuma, ikakisukuma kiwambo mbele na kuusaidia mguu wako. Katikati ya njia pana vali ya njia moja: inaruhusu hewa kutoka kwenye busta kwenda kwenye injini, na inakataa isirudi. Kwa sababu ya vali hiyo, hata injini ikizimika ghafla bado unabaki na akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu ukiwa na nguvu.

Dizeli haina mlango wa throto wa kutengeneza vakyumu ya kutosha, kwa hiyo ina pampu ya vakyumu. Kwenye Hiace za injini za 2L, 3L na 5L pampu hiyo imeungwa nyuma ya altaneta.

Kabla hujafungua boneti

Kama gari lako ni Prius, Aqua au haibridi nyingine ya namna hiyo, acha hapa. Mfumo wao wa breki hautumii busta ya vakyumu. Hutumia pampu ya umeme na mafuta ya breki yaliyohifadhiwa kwa shinikizo kubwa, na kuufungua kunahitaji utaratibu wake maalum. Lipeleke gari kwa fundi mwenye mashine ya kuzungumza na kompyuta yake.

Kwa magari mengine, egesha mahali tambarare, vuta hendibreki, weka kabari au mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Usilijaribu gari barabarani ili "kusikia" kama breki imekuwa ngumu kweli. Majaribio yote matatu yafuatayo hufanyika gari likiwa limesimama, na hayahitaji kifaa chochote:

1. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara 5 hivi mpaka pedali iwe ngumu. Endelea kuikanyaga kwa nguvu ya wastani, kisha washa injini. Pedali inapaswa kushuka kidogo yenyewe. Isiposhuka, vakyumu haifiki au busta haifanyi kazi.
2. Washa injini dakika 1 au 2, zima, kisha kanyaga polepole mara 3. Mkanyago wa kwanza ushuke sana, wa pili upungue, wa tatu upungue zaidi. Ikiwa wa kwanza tayari ni mgumu, akiba imevuja.
3. Injini ikiwaka, kanyaga na ushikilie, kisha zima huku mguu ungali pale. Subiri sekunde 30. Pedali isisogee. Ikipanda kukusukuma, busta au vali inavujisha. Ikizama taratibu kuelekea sakafuni, shida si vakyumu. Ni masta silinda au mafuta ya breki yanayovuja, na hapo unahitaji fundi wa breki siku hiyo hiyo.

Andika matokeo. Fundi anayeambiwa "jaribio la kwanza limefaulu, la pili limefeli" huanza kazi pahali tofauti kabisa na anayeambiwa "breki si nzuri".

Dalili: pedali ni ngumu tangu mkanyago wa kwanza, injini ikiwaka

Chanzo cha kawaida kabisa ni mpira uliochomoka au unaovuta hewa pale kwenye kiungo kipya. Tazama kwa macho kwanza, kisha shika kila ncha uizungushe kwa mkono. Mpira ukizunguka juu ya nipo, haujashika. Nipo nyingi zinazokerezwa kwa haraka huwa laini, hazina meno wala ukingo wa kuzuia mpira usiteleze, na fundi hutegemea klipu ifanye kazi yote. Klipu ya skrubu ikikazwa mno juu ya mpira laini, huukata, na mpasuko huo huwa chini ya klipu ambapo huuoni. Ifungue, utazame.

Cha pili ni vali iliyofungwa kinyume. Vali nyingi zina mshale, na mshale huo huelekea kwenye injini. Kama mshale umefutika, itoe vali uipulize kwa mdomo: kutoka upande wa busta pumzi ipite, kutoka upande wa injini isipite hata kidogo. Ikipita pande zote imekufa. Isipopita popote imeziba.

Na kinachoiziba mara nyingi ni ule utepe mweupe wa mafundi bomba. Fundi huuzungusha kuanzia thredi (jino la skrubu) ya kwanza kabisa, vipande vikaning'inia ndani ya tundu, kisha vikavutwa. Mabaki ya silikoni ya gasketi hufanya vivyo hivyo. Ukiona silikoni imejaa kwenye viungo vya paipu hii, vifungue vyote, usafishe, na uchunguze ndani ya vali kwa tochi. Kipande kinachopita hapo huishia kwenye silinda za injini.

Baada ya hayo, uliza paipu imeungwa wapi. Ikiwa imeungwa kabla ya throto bodi, kwenye ile njia ya hewa inayotoka kwenye chujio, hakuna vakyumu ya maana pale. Gari litawaka vizuri kabisa na breki haitasaidiwa hata chembe. Ikiwa imeungwa kwenye tawi la silinda moja badala ya chumba cha pamoja cha manifoldi, vakyumu itakuwa ya kurukaruka na silinda ile itapata shida ya mchanganyiko wake. Kiungo sahihi kiko baada ya throto, kwenye chumba ambacho silinda zote huvuta kutoka humo.

Hapo ndipo geji ya vakyumu inapohitajika. Iunge kwenye manifoldi, injini ikiwa ya moto na katika aidoli, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta. Hapa Mombasa, usawa wa bahari, injini nzima ya petroli huonyesha kati ya inchi 17 na 22 za zebaki, yaani takriban kilopaskali 57 hadi 74. Wengi husoma namba kutoka kwa fundi wa bara, na hazilingani: vakyumu hupungua karibu inchi 1 kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa hiyo gari lile lile likifika Nairobi litaonyesha pungufu ya inchi 5 au 6 hivi bila kuwa na ubovu wowote. Ukiona 13 kwenye geji hapa pwani, usijifariji kwa kuambiwa "hiyo ni kawaida". Injini ina tatizo, iwe ni vali zake, taimingi, au hewa inayoingia kwingine. Ikiwa injini imefungwa kamshafti ya mbio (mhimili wa kufungua vali za injini, uliochongwa kwa mashindano), vakyumu ndogo ni matokeo yake ya kutarajiwa, na hakuna nipo itakayoiongeza. Gari hilo linahitaji pampu ya vakyumu ya umeme iliyofungwa na mtu anayejua.

Kwa dizeli, fikiria pampu ukishamaliza paipu. Altaneta ikibadilishwa kwa nyingine isiyo na pampu nzuri, au paipu yake ya mafuta ikiziba, vakyumu hupotea hata kama kila mpira ni mpya.

Geji ikisoma vizuri kwenye manifoldi, na ikisoma vizuri vile vile kwenye ncha ya paipu inayoingia busta, na pedali bado ni ngumu, basi busta yenyewe imekufa. Usiifungue. Hubadilishwa nzima.

Dalili: mkanyago wa kwanza ni mzuri, wa pili na wa tatu ni mgumu

Hii ndiyo dalili inayodanganya watu zaidi, kwa sababu gari likijaribiwa kwenye uwanja wa gereji hupita. Anayeigundua ni dereva aliye kwenye foleni, au anayeshuka kutoka Mazeras kuja Miritini nyuma ya lori akikanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia.

Chanzo ni wembamba. Busta baada ya kila mkanyago inahitaji kunyonywa hewa tena, na hewa hiyo yote hupita kwenye tundu moja jembamba kuliko yote njiani. Haijalishi mpira ni mpana kiasi gani ikiwa nipo ina tundu dogo. Hesabu yake ni rahisi: mpira wa kiwandani kwa magari mengi madogo una upana wa ndani wa milimita 9 au 10. Paipu ya nailoni ya breki za upepo ya lori, ile ya milimita 8 kwa nje, ina milimita 6 tu ndani. Eneo la tundu hufuata kipeo cha pili cha upana: 9 mara 9 ni 81, 6 mara 6 ni 36. Umepunguza njia kwa zaidi ya nusu kwa tofauti ya milimita 3.

Kwa mji wetu jambo hili lina sababu yake. Kuanzia Changamwe hadi Jomvu malori ni mengi, na spea za breki za upepo ziko kila kona, za bei nafuu na za brasi inayong'aa. Ni spea nzuri kwa kazi yake. Lakini zimetengenezwa kwa hewa yenye shinikizo kubwa, ambayo hujaza haraka hata kwenye njia nyembamba. Vakyumu haina nguvu hiyo. Kinachoisukuma hewa hapa hakizidi ule uzito wa hewa uliopo nje.

Angalia pia:

- Elbo za nyuzi 90 zilizofuatana. Kila kona kali hupunguza mwendo wa hewa. Mpira mmoja unaopinda kwa upole ni bora kuliko elbo mbili.
- Vali mbili kwenye njia moja. Hutokea fundi akiweka vali mpya bila kujua kwamba ile ya zamani ipo ndani ya mpira.
- Tii inayolisha vitu vingine. Geji, vali ya turbo, au mpira wa kupumulia injini ukiungwa humo humo hula vakyumu ya busta.

Njia ya kuthibitisha: injini ikiwa aidoli, gari likiwa limesimama na kabari zipo, kanyaga na kuachia mara 4 kwa haraka. Kisha ngoja sekunde 5 ukanyage tena. Ikiwa pedali ilikuwa ngumu na baada ya kungoja imekuwa laini, vakyumu ipo ila inachelewa kufika. Toa nipo, pima tundu lake kwa koleo la kupimia au kwa keke iliyo pungufu ya upana wa mpira wa asili kwa milimita 1: shina la keke lisipopita, nipo hiyo haifai. Kupanua tundu la nipo iliyokwisha kukerezwa sishauri, kwa sababu ukuta hubaki mwembamba na hupasuka kwenye mtikisiko wa injini.

Dalili: breki hupoteza nguvu injini ikizimwa, au unapokuwa umetoka kukanyaga mafuta

Jaribio la 2 limefeli. Hapa vali ya njia moja haipo, au ipo na haifungi.

"Haipo" ni jambo la kawaida kuliko unavyodhani. Kwenye baadhi ya magari vali haionekani kwa nje. Imefichwa ndani ya mpira wa kiwandani, na kinachokuambia ni mshale uliochapwa juu yake tu. Mpira ukipasuka, fundi huutupa na kufunga mpya wa kawaida wa mita, na vali imekwenda na takataka. Gari linaendelea kufanya kazi, maana injini ikiwa aidoli vakyumu inakuja. Lakini hakuna tena akiba. Ukikanyaga mafuta kupandisha mlima, vakyumu ya manifoldi hushuka, na ya busta hushuka nayo. Injini ikizimika ukiwa kwenye mteremko, mkanyago wako wa kwanza ndio wa mwisho wenye afueni, au haupo kabisa.

Kama huna mpira wa zamani wa kukagua, pima kwa njia hii: washa injini dakika 2, zima, ngoja dakika 5, kisha chomoa mpira upande wa manifoldi huku upande wa pili ukiwa kwenye busta. Sasa kanyaga breki. Vali nzuri itakuwa imehifadhi akiba, na mkanyago utakuwa laini. Mkanyago ukiwa mgumu, vali haipo au imekufa, au kuna uvujaji kati yake na busta.

Uvujaji wa hapo mara nyingi uko kwenye ile raba nyeusi ambamo vali huingia kwenye busta. Joto huikausha, inapasuka ufa mwembamba. Wapo wanaoipaka silikoni. Msiruhusu: raba hiyo inauzwa kivyake, na silikoni ikimeguka ndani huingia kwenye busta.

Kanuni moja ninayoishikilia sana: kati ya vali na busta pasiwe na kitu kingine chochote. Si tii, si geji, si tanki lisilo la lazima. Kila kiungo utakachoongeza hapo kikivuja kinakula akiba ya breki.

Dalili: asubuhi breki nzuri, gari likipata moto zinakuwa ngumu

Mpira usiofaa. Ukipata joto la injini ukuta wake hulegea, na vakyumu inaubana kutoka ndani mpaka pande mbili zigusane. Ni sawa na kunywa dafu kwa mrija laini: kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo unavyojibana. Kwenye jua la Februari na Machi, boneti ikiwa imefunikwa na foleni haisogei, hali hii hujitokeza haraka.

Mpira wa mafuta ya petroli umetengenezwa kustahimili msukumo wa ndani kwenda nje. Si kila mmoja unastahimili kunyonywa. Mpira wa hita hulainika. Silikoni nyembamba ya rangi za kupendeza hujikunja upesi. Paipu ya plastiki inayoonyesha ndani, au ile ya bluu ya kompresa za kujazia upepo, haina nafasi karibu na injini kabisa. Mpira unaotakiwa ni ule uliotengenezwa kwa vakyumu ya breki, wenye nyuzi za kuimarisha ukuta wake. Kiwango cha SAE J1403, cha mipira ya vakyumu ya breki, kikiwa kimechapwa ubavuni ni dalili njema.

Kuthibitisha: gari likiwa la moto na dalili imetokea, fungua boneti injini ikiwa aidoli, uutazame mpira kwenye mikunjo. Kuna mipira inayojibana ndani tu, ukuta wa ndani umebanduka na nje inaonekana nzima. Huo ukiukata kwa urefu utaona ngozi imening'inia. Kwa hali yoyote, usiurekebishe. Badilisha wote, kutoka manifoldi hadi vali.

Dalili: aidoli inapanda na kushuka, taa ya injini imewaka

Hewa isiyopimwa inaingia kwenye injini kupitia kiungo chako. Skana mara nyingi huonyesha P0171, yaani hewa nyingi kuliko mafuta.

Ukaguzi wa kwanza: bana mpira kwa koleo lililofungwa kitambaa, karibu na busta. (Gari halina msaada wa breki wakati huo; kabari ziwepo na mtu asiliondoe.) Aidoli ikitulia, uvujaji uko kwenye busta au vali. Isipotulia, sogeza koleo karibu na manifoldi. Ikitulia sasa, uvujaji uko katikati ya paipu. Isipotulia bado, uko kwenye thredi za nipo pale manifoldi au pengine kwenye injini. Kwa kusikiliza, chukua kipande cha mpira cha mita moja, ncha moja sikioni, nyingine ipitishe taratibu kwenye viungo. Usipulize petroli wala dawa ya kusafishia kabureta juu ya injini ya moto kutafuta uvujaji. Inawaka.

Thredi ndizo chanzo kinachosumbua kichwa. Vifaa vya mabomba madukani kwetu ni vya BSP, kipimo cha thredi cha Uingereza. Nipo zinazoagizwa kutoka Marekani kwa ajili ya magari ya mashindano ni za NPT, kipimo cha huko. Kwa robo inchi, BSP ina meno 19 kwa inchi na NPT ina 18. Pembe ya meno nayo ni nyuzi 55 kwa moja na 60 kwa nyingine. Ukizichanganya, nipo huingia mizunguko miwili au mitatu vizuri, halafu inakaza. Fundi hudhani imefika. Imejing'ang'ania kwenye meno machache, na alumini ya manifoldi imeanza kuharibika. Utepe mweupe huficha uvujaji kwa wiki kadhaa.

Kisha kuna chumvi. Brasi ikikaa ndani ya alumini kwenye hewa ya bahari yenye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Magari yanayolala Nyali, Bamburi au Shanzu karibu na ufuo huonyesha unga mweupe kuzunguka nipo. Ukiuona, usikaze zaidi, maana thredi zilizoliwa hung'oka. Manifoldi itolewe, tundu litengenezwe kwa tapu (kifaa cha kuchonga thredi) na mtu mwenye mashine, na nipo mpya iwe ya alumini.

Dalili: sauti ya hewa karibu na miguu

Sauti fupi unapokanyaga ni ya kawaida, ni hewa inayoingia chumba cha nyuma. Sauti isiyokoma, au aidoli inayoyumba muda wote mguu ukiwa kwenye pedali, ni kiwambo au vali ya ndani ya busta. Paipu yako haina hatia. Badilisha busta.

Dalili: mpira huchomoka, injini ni ya turbo

Turbo ikisukuma, manifoldi hupata shinikizo badala ya vakyumu. Nipo isiyo na meno huachia, na vali dhaifu huruhusu shinikizo kuingia busta, ambayo haikutengenezwa kwa hilo. Kwenye Subaru Forester za turbo zilizoongezwa shinikizo, hakikisha vali ni ya gari la turbo, mpira umeivaa nipo kwa angalau milimita 25, na geji ina tundu lake lenyewe kwenye manifoldi.

Dalili: moshi mweupe, na mafuta ya breki yanapungua bila kuonekana yakivuja

Chomoa mpira wa vakyumu uunuse ndani. Ukikuta majimaji ya mafuta ya breki, sili ya nyuma ya masta silinda imekwisha, mafuta yanaingia busta na injini inayanyonya. Hakuna ukaguzi zaidi wa kufanya nyumbani. Gari livutwe. Masta silinda hubadilishwa, na busta iliyolowa ichunguzwe, kwa sababu mafuta hayo huharibu kiwambo chake.

Mafuta meusi ya injini ndani ya mpira ni jambo jingine: mtu ameunga mpira wa kupumulia injini kwenye paipu hii kwa tii. Utenganishe, na ubadilishe vali, kwa maana raba yake huvimba na kukwama.

Pedali laini inayozama haitokani na kazi hii. Wala breki zinazong'ang'ania magurudumu, isipokuwa busta ilitolewa na kurudishwa; hapo fimbo ya kusukuma masta silinda huenda imerekebishwa ndefu mno. Zote mbili ni za fundi wa breki.

Ikiwa ni lazima nipo ikerezwe

Mpe fundi wa kukereza vipimo kwa maandishi: tundu la ndani lisipungue upana wa mpira wa asili kwa zaidi ya milimita 1, meno matatu ya kuzuia mpira, sehemu ya kuvaa mpira milimita 25 au zaidi, na thredi zinazolingana na manifoldi, zikipimwa kwa geji ya thredi na si kwa macho. Kingo za ndani zisuguliwe zisibaki na vichipusi vya chuma. Kwenye thredi tumia dawa ya kuziba ya majimaji iliyoandikwa kuwa inastahimili petroli. Ukilazimika kutumia utepe, acha thredi mbili za mwanzo wazi. Usitumie gundi ya chuma kuunganisha chochote kwenye njia hii.

Ukimaliza, unga pampu ya vakyumu ya mkono kwenye ncha ya manifoldi, ivute mpaka inchi 20, usubiri. Sindano ikishuka wazi ndani ya dakika moja, kuna kiungo kinavuja. Kisha rudia majaribio yale matatu, baridi na baada ya injini kupata moto.

Usiliendeshe gari hili

Usiliendeshe, hata mpaka gereji ya jirani, ikiwa jaribio la kwanza limefeli, ikiwa umeona mafuta ya breki ndani ya mpira, ikiwa pedali inazama, au ikiwa thredi za manifoldi zimeng'oka. Liite gari la kuvuta.

Ikiwa pedali imekuwa ngumu ukiwa tayari barabarani, usipampu pedali. Kila mkanyago unamaliza akiba iliyobaki. Kanyaga mara moja kwa nguvu zote, kwa miguu miwili ukiweza, usiachie, punguza gia, na uvute hendibreki taratibu mwendo ukishapungua. Usizime injini mpaka gari lisimame. Ukiwa kwenye foleni ya feri, washa taa za dharura na umwite mhudumu kabla zamu yako ya kushuka haijafika.